Kilo za Mama

Mimi nina mguu mzito. Sijisifu wala sijuti, ndivyo nilivyoumbwa. Nikikasirika, mguu wa kulia hupata habari kabla ya kichwa, na mimi hukasirika mapema: bodaboda anayekatiza mbele yangu bila hata kunitazama, ng'ombe waliosimama katikati ya lami huku mchungaji wao anaongea na simu, bwana mkubwa kwenye gari refu anayenipigia honi kwa nyuma na taa bado nyekundu. Kutoka nyumbani kwetu Mkonze mpaka kituo cha afya ninakofanya kazi ya uuguzi, nilikuwa naendesha kama naitwa leba kila siku. Watu wa mtaani walilijua gari langu kwa mlio kabla hawajaliona.

Gari lenyewe ni dogo, la zamani, la gia za kubadili kwa mkono. Rangi yake ilikuwa nyeupe kabla vumbi la Dodoma halijaamua vingine. Tulilinunua pamoja na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapo karibu, huenda kazini kwa miguu, na gari halimhusu isipokuwa kulisema. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mafuta ya mwezi ni kiasi kile kile. Yakiisha yameisha. Mimi nilikubali haraka haraka ili tulinunue, na baadaye ndipo nikaona nilichokubali, kwa sababu mama yangu anaishi Kondoa.

Na si Kondoa mjini. Unaacha lami, unaingia ndani kwa barabara ya changarawe mpaka kwenye kijiji chetu cha Warangi, vilima kushoto, vilima kulia. Tangu baba alipofariki, mama anaishi peke yake na kuku wake, shamba lake na redio. Mafuta ya mwezi yalinitosha kwenda kazini na kumwona yeye mara moja. Mara moja tu! Nikijaribu safari ya pili, wiki ya mwisho gari linalala nyumbani na mimi naamka alfajiri kutafuta usafiri.

Siku moja, mwanzoni mwa mwezi wa sita, nilikuwa naaga. Mama alikuwa anashona mdomo wa gunia, hakuniangalia.

"Mwezi una siku nyingi, mwanangu," akasema.

Hakulaumu. Angelaumu ningejibu, maana kujibu najua. Aliendelea kushona tu. Nikaingia kwenye gari, nikalia kutoka pale kwake mpaka Mayamaya, na muda wote huo nikilia nimekanyaga mafuta mpaka mwisho. Nilipofika nyumbani mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa, nami nilikuwa nimeapa: nitamwona mama mara mbili kwa mwezi, iwe isiwe.

Kwanza nikamwendea mume wangu. Nikamwambia tuongeze mafuta. Akaweka chini daftari alilokuwa anasahihisha, akanitazama juu ya miwani.

"Mama watoto, mafuta yanatosha. Ila wewe unaendesha kama unamfukuza mwizi."

Nilichukia! Nilichukia mpaka chai ikanishinda. Jumamosi yake nikalipeleka gari gereji, kwa fundi mmoja kijana hapo Mkonze ambaye ndiye hututengenezea siku zote, nikamwambia lina ugonjwa wa kunywa mafuta, autafute. Nilitaka nirudi nyumbani na jina la ugonjwa, nimwekee mwalimu mezani.

Fundi akafuta mikono. "Tuzunguke kidogo, sista. Endesha wewe."

Tukazunguka. Kufika tuta la pili alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kufika la nne alikuwa amefumba macho. Tuliporudi alishuka polepole, akasimama kidogo akiwa ameegemea mlango.

"Gari zima," akasema. "Mguu ndio unaumwa."

"Mguu gani?"

"Huo. Unakanyaga mafuta kwa nguvu, halafu hatua kumi mbele unakanyaga breki kwa nguvu ile ile. Sasa mafuta uliyoyachoma yamekusaidia nini? Umenunua mwendo, umeutupa."

Nilikuwa tayari kumjibu, lakini alishafungua buti, na humo ndani mlikuwa na madumu manne ya maji, yamejaa mpaka kwenye vifuniko. Kwa asiyeishi Dodoma hili litamshangaza. Sisi tunaoishi kwa mgawo wa maji hatupiti penye bomba linalotoka na dumu tupu. Ukipata unajaza, huwezi kujua kesho. Mimi nilikuwa nimejaza, nikasahau, nikazoea.

"Sista, unahama na kisima?" Fundi akayashusha moja moja, akihema kwa makusudi. "Hapa umembeba mtu mzima, mnene. Unampeleka kazini, unamrudisha, na hata asante hakupi."

Akapanda kwenye tairi akatikisa keria niliyofunga juu ya paa kwa ajili ya mizigo ya mama. Akaniambia upepo wa huku tayari ni adui, na mimi nimeuwekea mahali pa kushika. Ikafunguliwa, ikabaki pale gereji. Magurudumu yalikuwa na upepo pungufu, yote manne. Chujio la hewa alilitoa akaligonga kwenye jiwe, likamwaga vumbi la kutosha kupandia mbaazi. Nikasimama pale kimya, mimi ambaye kunyamaza si kazi yangu.

"Na asubuhi?" akauliza. "Unafanyaje?"

"Nalipasha moto kwanza, kama watu wote."

Na kweli ni kama watu wote. Baridi ya mwezi wa sita ikishuka, mtaani kwetu kila mwenye gari hutoka na sweta juu ya kanga, analiwasha, analiacha linaunguruma, anarudi ndani kuoga, kunywa chai na kutafuta kiatu cha mtoto. Ukiniuliza leo nitakwambia ukweli: nusu ya kupasha ni injini, nusu ni majirani wasikie kuna gari.

"Washa, funga mkanda, ondoka taratibu," akasema fundi. "Litapata moto likiwa njiani."

Halafu akaniuliza milimani nashukaje. Hapo nilijua nitapata maksi. Nikamwambia kwa kujivuna kwamba vilima vyote vya Kondoa navishuka na nyutro, gia nimeitoa, gari linateremka lenyewe, sichomi hata tone. Akacheka mpaka akakaa juu ya dumu. Akanieleza kwamba ukiacha gia ndani na mguu ukatoka kwenye mafuta, injini inazungushwa na magurudumu na haipewi mafuta hata kidogo. Lakini ukiweka nyutro, inabidi inywe kidogo ili isizimike, na breki zinabaki kulibeba gari zenyewe. Nilimbishia. Nilimbishia sana, nikamtajia madereva wa malori waliozeeka wakifanya hivyo. Akasema nyutro iliwafaa wakati wa magari ya zamani yenye kabureta, tofauti na hili langu, na hata hao, wengine hawakuzeeka.

Nilirudi nyumbani na gari jepesi na mdomo mzito. Mwalimu akauliza ugonjwa ni upi. Nikamwambia vumbi.

Jumatatu asubuhi nikawasha, nikafunga mkanda, nikaondoa gari kabla halijaunguruma. Jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo ambaye jiko lake liko nyuma tu ya ukuta wetu, akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Jirani, leo mbona kimya? Limekufa?"

"Zima kabisa. Nimeambiwa nisilipashe tena."

Akashusha pumzi. "Asante Mungu. Maana uji wangu siku zote una ladha ya gari lako, nikaona aibu kukwambia."

Jamani, niliona haya! Miaka mitatu. Mjukuu wake alikuwa anakohoa kila asubuhi, na mimi, muuguzi mzima mwenye cheti ukutani, nilikuwa namsimamisha getini namshauri amvalishe mtoto sweta. Nikamwomba radhi palepale. Akanikatia kipande cha kiporo cha ugali nile njiani, akisema yamekwisha. Yule mtoto baada ya wiki chache kikohozi kikapungua, na bibi yake akaanza kuwaeleza wenye magari wengine, kwa sauti, asubuhi, na mwiko wake.

Basi hayo yalikuwa rahisi. Kilichonishinda ni mguu. Ningeanza asubuhi vizuri, taratibu, nimetulia, halafu anatokea mmoja ananikatizia, na nikikumbuka mafuta nimeshafika Area C nikipumua kwa hasira.

Kilichonifundisha ni ndoo. Maji yalikatika Mkonze, madumu nimeshayatoa kwenye gari, nikachota ndoo moja kazini, haina kifuniko, nikaiweka chini mbele ya kiti cha abiria. Kwenye mzunguko wa kwanza gari la abiria likasimama ghafla, nikafunga breki, na nusu ya ndoo ikaingia kwenye viatu vyangu. Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikaongeza Kirangi. Halafu nikaona sura yangu kwenye kioo, muuguzi mwenye sare nyeupe na miguu inayotoa maji, nikaanza kucheka peke yangu mpaka wa nyuma wakapiga honi.

Kesho yake niliiweka tena ile ndoo, kwa ubishi tu. Nilisema haitanishinda ndoo. Na nikiwa naitazama isimwagike, ikamwagika. Ndipo nikasikia sauti ya mama kichwani, wazi kabisa, ya miaka ile nilipokuwa binti mdogo tunapanda kutoka kisimani kila mmoja na ndoo kichwani. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu nisijikwae, na yeye kwa nyuma anasema, "Usitazame miguu. Tazama unakokwenda, miguu itakuja." Nikanyanyua macho. Nikatazama mbali, huko kwenye taa. Nyekundu. Nikatoa mguu kwenye mafuta mapema, gari likaenda lenyewe, likaenda, likafika pale taa inageuka kijani, sikukanyaga breki hata kidogo. Ndoo ilitikisika tu.

Weee! Nilipiga kigelegele ndani ya gari. Mama yangu hajawahi kushika usukani maishani mwake, na ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Mwezi wa saba, katikati ya mwezi, nilitazama mshale mara tatu nisiamini. Nikapiga simu.

"Mama, shikamoo. Nakuja Jumamosi."

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki, mama. Nakuja tu kukuona."

"Si ulikuja juzi?"

"Ndiyo. Nakuja tena."

Nikasikia anamwita kuku kwa sauti ambayo haikuwa na shida yoyote na kuku. Jumamosi ile tulikaa mchana kutwa tukipukuchua mahindi, na hakuna jambo la maana tulilozungumza. Nilirudi moyo wangu umejaa.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini mimi nikifanikiwa jambo, watu hawapumziki. Niligeuka mhubiri wa mafuta. Wagonjwa nawapima presha huku nawauliza presha ya magurudumu. Dereva wa daktari wetu alikuwa akiniona anazima injini mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Mume wangu akawa anawaambia wageni wakiaga, "Ondokeni taratibu, mwenye nyumba anasikiliza." Nilicheka, lakini sikuacha. Kila kitu nilikiona kwa uzito wake. Viatu vya mazoezi vya mwanangu nilivitoa kwenye buti. Jeki tu ndiyo niliisamehe.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mama mwezi wa nane.

Kwetu huondoki kwa mama yako na gari tupu, na kupakia ni kazi ya mama. Humsaidii, humwelekezi. Unakaa kwenye mkeka unakunywa chai ya mwisho, yeye anatoka na kuingia. Mavuno yalikuwa yameingia vizuri mwaka ule. Likatoka gunia la uwele. Likatoka debe la karanga, mfuko wa mbaazi, maboga mawili, majogoo wawili wamefungwa miguu, na mwisho kabisa kile kifurushi kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa, ambacho hakisemwi ni nini mpaka ukifungue kwako. Mimi kwenye mkeka nilikuwa nahesabu. Sikuhesabu upendo, nilihesabu kilo. Na nilipoona gari limekaa chini kwa nyuma, mdomo ukanitangulia.

"Mama, basi! Mzigo wote huu unakula mafuta. Kila kilo unayoniwekea inanipunguzia siku za kuja kukuona."

Niliona ni hoja nzuri sana. Nilitegemea atacheka. Mama alisimama na kifurushi mkononi.

"Kumbe," akasema.

Akarudi kwenye gari akaanza kutoa. Uwele, karanga, maboga. Majogoo akawafungua miguu, wakakimbia. Nikamwambia aache japo mbaazi, akasema hapana, mafuta. Akanifungia mlango taratibu, akanipungia mkono. Na mimi, nawaambieni bila kuficha, niliondoka nikifurahia jinsi gari lilivyo jepesi. Nilipofika nyumbani mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu, nikamwonyesha mume wangu. Akaangalia buti tupu, akaniangalia mimi.

"Na mama yuko salama?" akauliza.

"Salama."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Mwezi wa tisa binti yetu alikuwa anafanya mahafali ya darasa la saba. Alikuwa ametaka jambo moja tu: bibi awepo. Si keki, si gauni jipya. Bibi akae mstari wa mbele. Mama hakuwahi kulala kwetu tangu msiba wa baba, kila mara ana sababu, kuku, shamba, goti. Lakini mahafali alikuwa ameyakubali kwa simu tangu mwezi wa sita, na mwanangu alikuwa ameshamchagulia kiti. Siku moja kabla nikaenda kumchukua, mafuta yapo ya kutosha kwenda, kurudi, na kumrudisha. Nilikuwa nimeyaweka akiba kwa mguu wangu mwenyewe, nikijisikia raha njia nzima.

Nikamkuta mama amekaa mlangoni, amevaa nguo za shamba. Tukasalimiana. Akanipa chai. Chai tupu.

"Mama, mbona hujajiandaa?"

"Siendi."

"Goti?"

"Goti zima." Akapuliza chai yake. "Mimi nina kilo nyingi, mwanangu. Nitakula mafuta."

Alisema akitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Nilitaka kusema ni mzaha, nikaona si mzaha. Siku zote hizo alikuwa amekaa na neno langu, peke yake, na kuku. Nilikuwa nimepunguza kila kitu ili nimpate yeye, na katika kupunguza nikamfikia yeye mwenyewe, nikamshusha kwenye gari. Nikafikiria mwanangu na kile kiti cha mstari wa mbele.

"Mama, nisamehe. Nilisema upuuzi."

"Hukusema upuuzi. Ulisema kweli. Gari linachoka."

"Halichoki! Si mtu!" Nikajikuta napiga kelele, na machozi yananitoka, mtu mzima, mama wa watoto. "Nilijifunza yote hayo kwa ajili yako! Nimebeba ndoo kwenye gari, nimeloa viatu, watu wananicheka, ili nikuone wewe! Sasa nirudi peke yangu, nimwambie nini mtoto?"

Mama akaangalia pembeni. Mimi nikasimama nikaingia stoo, bila hata kuomba ruhusa, kuchukua gunia. Kama hatakwenda yeye, basi nitaondoka na uwele wake, nao utakaa mstari wa mbele.

Gunia lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, limeshonwa mdomo. Debe la karanga limefunikwa. Maboga yamefutwa vumbi. Na juu ya gunia kulikuwa na furushi la kanga, limefungwa vizuri, na ncha ya baibui lake la Idi imetokeza. Kando yake viatu vyake vya kutokea, vimepakwa mafuta mpaka vinang'aa.

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amefunga kila kitu, halafu akavaa nguo za shamba akakaa mlangoni kunisubiri.

Nikainama nikalitupa lile gunia mgongoni kwangu, nikatoka nalo nje nikiyumba.

"Utavunjika mgongo, punguani wewe!" Mama akainuka. "Muuguzi gani huyu?"

"Nivunjike."

Nikalisukuma kwenye buti. Nikarudia debe. Nikarudia maboga, nikayapachika popote. Jogoo mmoja nikamkimbiza uwanja mzima, nikamkosa, nikamkimbiza tena, majirani wakatoka kuangalia. Nilipomkamata nilikuwa nimepoteza kiatu kimoja. Na mama alikuwa amekwisha fika kwenye buti, anatikisa kichwa, hawezi kuvumilia.

"Boga halikai hapo. Gunia linalazwa, halisimamishwi. Toka, toka, unaharibu." Akaanza kupanga upya. Kisha, bila kunitazama, "Ngoja nivae."

Tukaondoka saa nne asubuhi. Mama mbele, mkanda umefungwa, jogoo mapajani, kwa sababu alikataa jogoo akae nyuma peke yake. Gari lilikuwa limekaa chini kwa nyuma kuliko siku zote, na mimi sikutazama mshale. Niliondoka taratibu. Kilima cha kwanza nikakishuka gia ndani, mguu juu. Nilipoona ng'ombe kule mbele nilitoa mguu mapema, na tulipofika walikuwa wamemaliza kuvuka. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni.

"Nani amekufundisha kuendesha hivi?" akauliza.

"Wewe."

Akacheka mpaka jogoo akashtuka. Nikamweleza habari ya ndoo, na viatu, na matusi ya Kirangi, akataka nimtajie matusi yenyewe, nikamtajia, akasema moja nimelikosea. Njia nzima hakunyamaza. Alinihadithia mambo ya baba ambayo sijawahi kuyasikia, jinsi alivyokuja kumposa kwa baiskeli isiyo na breki na kupitiliza nyumba yao mpaka kwa jirani. Miaka yote hii namtembelea, nakunywa chai, naondoka nakimbia, na hadithi hiyo alikuwa nayo tu.

Makutupora tukasimama kununua zabibu za mtoto. Nikazima injini. Mama akala chache dirishani, akitema mbegu nje kwa adabu, akampa jogoo moja. Tulipoondoka, Dodoma ilikuwa imeanza kuonekana mbele, mapaa ya bati yanawaka kwa jua. Mama akanyamaza kwa mara ya kwanza.

"Ndio tunafika?" akauliza.

"Karibu, mama. Bado kidogo."

"Halafu wewe utaingia kazini."

"Leo zamu yangu ni ya jioni. Ndiyo."

Akamlaza jogoo vizuri mapajani, akashusha kioo nusu. "Huwezi kwenda polepole zaidi ya hapa?"

Nilimweleza, kwa sababu fundi alikuwa amenieleza vizuri, kwamba polepole nayo ina mwisho wake. Ukipunguza kupita kiasi inabidi urudi gia za chini, injini inazunguka sana, na gari linakula mafuta mengi kuliko likienda mwendo wake.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Acha liyale hayo mafuta," akasema.

Basi nikarudisha gia ya tatu.